Mtoto Aliyezaliwa Kabla ya Cheti

Jumatatu, 3 Machi 1958

Samahani, daftari. Tangu wiki ya Krismasi sijaandika hata mstari mmoja. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimechoka tu. Kuamka, foleni ya mfereji, uji wa Imali, kwenda kwa dobi, pasi ya makaa mpaka saa kumi, kurudi, kupika, kulala. Kesho yake yale yale. Mtu ataandika nini?

Leo kuna la kuandika. Barua ya Zakaria. Ni miezi sita tangu wakubwa wake wa kazi wampeleke Uingereza kusomea injini. Kozi ya miaka mitatu. Sasa anasema wenye kozi wamekubali wake waende. Wanalipa nauli ya mke na mtoto, mara moja tu, meli moja tu, katikati ya Julai. Nafasi zetu mbili zimeshikwa mpaka mwisho wa Mei. Nisipoonyesha pasipoti yenye jina langu na la Imali kabla ya hapo, wanapewa watu wengine.

Halafu ameandika: "Pasipoti ni kazi ndogo. Jaza fomu tu."

Imali ameipata bahasha na kula kona moja. Stempu imepona.

Jumanne, 11 Machi

Nimejaza fomu. Kurasa nne. Nilisoma mpaka darasa la sita, lakini maswali haya hayakufundishwa darasa lolote. Rangi ya macho. Alama mwilini. Urefu kwa futi. Mama Petero, jirani yangu hapa landi, nyumba za kazini kwa Zakaria, alinipima mlangoni kwa utepe wa kushonea. Akasema, "Mama Imali, wewe mfupi kuliko nilivyofikiria. Ni mdomo ndio unakurefusha."

Tarehe ya ndoa. Hapo sikufikiri mara mbili. Nikaandika Agosti 1954. Ndipo ng'ombe wa mahari walifika kwetu Maragoli na mimi nikapelekwa kwa kina Zakaria. Imali akazaliwa Machi 1956. Pete tulivaa Januari 1957, mchungaji alipotubariki. Imali alilia kwa sauti wimbo mzima, mgongoni kwa nyanya yake.

Nimefunga na cheti cha kanisa. Na cheti cha kuzaliwa cha Imali. Nimekaza kwa pini.

Alhamisi, 13 Machi

Picha. Mpiga picha alitaka mtoto aangalie mbele, asicheke, asilie, asishikwe. Mtoto wa miaka miwili! Nikasimama nyuma ya pazia na mkono mmoja kiunoni mwake. Imetoka. Imali anaonekana kama mtu anayedai haki yake.

Halafu chanjo. Mimi sindano moja, yeye moja, halafu kukwaruzwa chanjo ya ndui. Kadi za njano mbili. Mkono wake umevimba. Usiku ulikuwa mrefu.

Dobi amesema siku nikikosa tena nisirudi.

Jumatatu, 17 Machi

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Mwandiko wenyewe unaonyesha.

Nilikuwa bomani tangu saa mbili. Benchi. Saa tano nikaitwa. Karani ni kijana, tai nyekundu, kalamu mbili mfukoni. Aliweka fomu yangu na cheti cha kanisa kando kwa kando kama mtu anayelinganisha viatu.

"Mama, hapa umeandika ndoa ni hamsini na nne. Cheti kinasema hamsini na saba. Uongo ni upi?"

Nikasema hakuna uongo. Ng'ombe walikuja hamsini na nne, pete ikaja hamsini na saba.

"Pasipoti haijui ng'ombe. Na mtoto ni wa hamsini na sita. Kwa hivyo alikuja kabla ya ndoa. Kwa hivyo ni mtoto wa njiani."

Watu wa benchi wakacheka. Mwanamke mmoja hakucheka. Mungu ambariki.

Imali alikuwa mgongoni mwangu amelala. Afadhali.

Karani anasema mimi naweza kupewa pasipoti hata kesho. Mtoto hapana. Ili jina lake liingie kama mtoto wa Zakaria, lazima mtu aliyetoa ng'ombe au aliyepokea ng'ombe aje bomani aape mbele ya afisa kwamba ndoa ilikuwako kabla ya mtoto. Zakaria hawezi kujishuhudia mwenyewe. Nikasema mama yangu alikuwako, aliwaona wakiingia boma letu mmoja mmoja. Akasema, "Mwanamke hashuhudii ng'ombe."

Mama yangu ndiye aliyewakamua! Lakini hashuhudii.

Baba yangu aliyewapokea alikufa mwaka wa hamsini na tano. Amebaki aliyetoa. Baba mkwe. Nikamwambia karani basi apige muhuri, mzee akija aje peke yake. Akasema hapana, mwenye ombi na shahidi husimama pamoja, meza moja, saa moja. Nikajaribu kumweleza. Kwetu mke wa mtoto na baba mkwe hawakai chumba kimoja. Hawapeani mkono. Kikombe hakitoki mkono huu kwenda ule. Huwekwa chini, mwingine akakiokota. Si chuki, ni heshima. Miaka minne nimekaa ndani ya heshima hiyo na sijawahi kuivunja.

"Mama, hapa si kwenu," akasema. "Anayefuata."

Jumamosi, 22 Machi

Njoro. Nilipanda lori la maziwa, mimi na Imali katikati ya makopo matupu. Askari alitusimamisha njiani kutazama karatasi zetu. Karatasi, karatasi. Hata makopo nadhani yana karatasi.

Baba mkwe ni nyapara wa wakamuaji kwenye shamba la mzungu. Nyumba yao iko nyuma ya banda la ng'ombe. Mama mkwe alinikaribisha jikoni. Baba mkwe mwenyewe alikuwa nje, amekaa juu ya gogo upande wa pili wa ukuta, kama inavyopasa. Ukuta ni wa udongo. Kila mtu anamsikia kila mtu.

Nikamweleza mama mkwe habari yote. Akainua sauti kidogo, "Baba Zakaria, umesikia?"

Sauti ikapita ukutani: "Mwambie mama Imali nimesikia."

"Anasema amesikia," mama mkwe akaniambia.

Halafu jibu likaja. Atakwenda bomani. Ataapa. Lakini kwa sharti moja. Mimi niende kwa mume wangu, ni haki yangu. Imali abaki hapa. Amepewa jina la mama yake baba mkwe, aliyekufa miezi miwili kabla Imali hajazaliwa. "Mwambie kwamba mama yangu nilimzika mara moja. Sitaki kumzika tena katika baridi ya Wazungu."

Nikasema, "Mama, mwambie baba kwamba Imali ni mtoto, si kaburi."

Mama mkwe akashika kichwa. "Nyinyi wawili mtanimaliza. Mnasikiana vizuri, halafu mimi nirudie kama kasuku!"

Hakurudia. Haikuwa lazima. Gogo lililia, mzee akasimama, akaenda zake kwa ng'ombe.

Mama mkwe amenipa mahindi na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Alinisindikiza mpaka barabarani. Alilia. Mimi sikulia. Nilikuwa nimekasirika mno. Wengine wote wanadhani mtoto wangu ni mzigo unaoweza kuwekwa hapa au pale mpaka mwenyewe arudi.

Jumapili, 23 Machi

Kanisani. Sikuimba.

Jumatano, 26 Machi

Nimemwandikia Zakaria. Barua ya kwanza nimeichana. Ya pili nimeichana. Ya tatu imekwenda. Nimemwambia karani anasema nini, na baba yake anasema nini. Nimemwomba amwandikie baba yake kwa lugha ya kwetu, mwalimu wa shamba amsomee. Asiombe. Aseme.

Pasi imeunguza kola moja leo. Dobi amenitazama tu.

Jumatatu, 14 Aprili

Jibu limekuja. Nimelisoma nikiwa nimesimama.

Mistari mitano. Anasema hataki kugombana na baba yake kwa barua, haifai. Anasema hali ya hewa ni mbaya. Anasema basi nimwache Imali kwa mama yake "kwa muda", nije mimi, mtoto atafuata.

Atafuata na nini? Wenye kozi wanalipa mara moja. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniandikia hivyo. Mtoto wa miaka miwili atafuata kwa miguu?

Miaka miwili na zaidi imebaki. Akituona tena atakuwa anakaribia miaka mitano. Atamwita mwanamke mwingine mama, na mimi nitakuwa mgeni mwenye zawadi. Nimewaona watoto kama hao hapa landi. Mama anashuka kwenye treni, mtoto anajificha nyuma ya nyanya.

Sina mume leo. Nina mtu anayeandika habari za hali ya hewa.

Mama Petero amesema, "Baki basi, mwache mwanaume na injini zake." Naye nimemkasirikia. Sitaki kubaki. Chumba hiki cha landi tumeachiwa mpaka Julai tu, halafu anakuja fundi mwingine. Nikibaki naenda Njoro kukaa nyuma ya ule ukuta wa udongo miaka miwili na zaidi. Na zaidi ya hayo, nampenda yule mjinga. Nataka aone binti yake anavyotembea, tumbo mbele kama chifu.

Nitakwenda na Imali. Au sitakwenda. Hilo limeisha.

Alhamisi, 17 Aprili

Tena bomani. Nilifikiri labda kuna afisa mwingine, labda kuna njia. Ni yule yule wa tai nyekundu. Safari hii alikuwa mpole. Upole wake ulinitisha zaidi.

"Mama, kwa nini unajisumbua na wazee? Kuna karatasi nyepesi. Andika baba wa mtoto hajulikani. Anakuwa wako peke yako. Unaweka sahihi, namwingiza kwenye pasipoti yako leo leo."

Nikauliza wenye meli watasema nini.

"Wao wanaangalia kama jina limo. Hawaulizi limeingiaje."

Hakuwa ananidhihaki. Alikuwa anasaidia. Alinipa karatasi nikafikirie.

Iko hapa mezani, chini ya kopo la sukari. Imepigwa taipu. Mimi, fulani, natamka kwamba baba wa mtoto huyu hajulikani. Shati la baba asiyejulikana linaning'inia kwenye msumari, nimelifua jana ili lisiote harufu. Imali ana masikio yake, yametoka nje hivyo hivyo.

Ningetia sahihi asubuhi, jioni ningekuwa na pasipoti. Nimeshika kalamu mara mbili.

Ijumaa, 18 Aprili

Sijatia sahihi. Sijaitupa.

Jumatano, 23 Aprili

Nimefanya jambo. Sijui kama ni baya. Nadhani ni baya.

Nimeandika barua Njoro. Kwa mama mkwe, lakini itasomwa na mwalimu mbele ya wote wawili, najua. Nimenakili maneno ya ile karatasi, yote, herufi kwa herufi. Chini nikaandika hivi: Mama, nimelinda heshima ya nyumba hii miaka minne. Baba asipofika bomani kabla ya katikati ya Mei, nitatia sahihi hapa. Imali atakwenda na mimi. Lakini kitabuni hatakuwa na baba. Asiye na baba hana guga, hana babu wa kumwita. Jina la mama yake mzee litaandikwa juu ya mtoto asiye na ukoo, na serikali itapiga muhuri.

Sikumaliza na salamu.

Dereva wa lori la maziwa ameichukua. Nilitaka kumkimbilia. Nikasimama pale pale mpaka vumbi likatulia.

Jumapili, 4 Mei

Hakuna neno kutoka Njoro. Zakaria ameandika, anauliza kama nimeshakata shauri. Sijamjibu. Akae na hali yake ya hewa.

Mvua kubwa. Tumeweka sufuria tatu chini ya bati. Imali anacheza kwa kuhamisha matone.

Jumatatu, 12 Mei

Mama mkwe amemtuma dereva. Neno moja: kesho.

Kesho nini? Kesho anakuja, au kesho anakuja kumchukua mtoto? Dereva hajui. Nimefua gauni la Imali. Nimekaa na ile karatasi. Bado siwezi kusema kama ningetia sahihi. Natamka hapa kwa sababu hakuna atakayesoma.

Jumanne, 13 Mei

Amekuja.

Nilimwona tangu kona ya boma. Alikuwa amesimama chini ya upenu, koti lake refu la jeshi, kofia mkononi. Bwana wa shamba alikuwa amempa karatasi ya ruhusa mpaka saa sita tu. Hata yeye ana karatasi. Nikapita mbali, uso chini, nikaingia ndani na Imali. Yeye akabaki nje. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Karani akaita. Nikasema shahidi yuko hapo mlangoni, aulizwe kutoka hapo, sauti inafika. Karani akasema afisa haapishi watu kupitia dirishani. "Mnataka kwenda Ulaya na mnaogopana chumbani!"

Benchi likacheka tena. Linacheka kila siku lile benchi.

Nikageuka nikatazama ukuta. Kuna ramani ya wilaya. Nilisikia viatu vyake vikiingia. Hatua nne, halafu vikasimama. Miaka minne, sijawahi kuwa chumba kimoja na yeye. Nadhani naye alikuwa amegeukia dirisha, kwa sababu sauti yake ilikuja kama ya mtu anayezungumza na mti wa nje.

Afisa alikuwa mzungu mzee mwenye mafua. Akamwapisha. Karani akatafsiri ingawa hakukuwa na haja. Aliulizwa aliozesha mtoto wake lini. Akasema mwaka wa mvua ya mawe, mwaka ule bwana wake wa shamba alipovunjika mguu. Karani akataka mwaka wa kalenda. Mzee akasema kalenda ni ya karani, mguu ni wa bwana, amwulize bwana. Afisa alikuwa anamjua huyo bwana. Akahesabu kidogo, akasema kwa Kiingereza, ndiyo, ni hamsini na nne.

Mwaka ukakubalika.

Akaulizwa atajuaje kwamba ng'ombe walikuwa wa harusi hii. Na mzee akawataja. Si kwa idadi. Kwa rangi. Mwekundu mwenye kidoa cha paji. Mweusi aliyevunjika pembe ya kushoto. Yule wa kijivu aliyekataa kuvuka mto, Zakaria akambeba ndama wake ili mama afuate. Akamtaja na ndama mwenyewe. Aliwataja polepole, kama mtu anayeita watoto chakulani. Mimi mwenyewe sikujua habari ya ule mto.

Karani alikuwa anaandika. Akauliza bila kuinua kichwa, "Kwa hivyo, mzee, huyu si mtoto wa njiani?"

"Kijana," mzee akasema, "mtoto wa njiani huulizwa jina. Huyu alikuja nalo. Ni jina la mama yangu. Andika."

Karani akaandika.

Halafu kidole. Mzee hajui kuandika. Karani akasukuma kisahani cha wino kwenye meza, akaniambia mimi, "Mama, shika mkono wa mzee, ubonyeze hapa vizuri, wino usisambae."

Sikusogea. Mzee hakusogea. Hata Imali aliacha kutafuna kamba ya gauni.

"Haraka, mama. Kuna watu."

Nikasema, "Bwana karani, wewe ndiye una mikono."

Sijui nilikotoa sauti ile. Afisa akapenga kamasi, nadhani alikuwa anaficha kicheko. Karani akasimama mwenyewe, akazunguka meza, akashika kidole gumba cha baba mkwe, akabonyeza. Wino ukampaka karani kwenye mkono wa shati. Shati jeupe. Najua doa lile. Halitoki.

Tulitoka mmoja mmoja, yeye kwanza. Nilimkuta upenuni, amenipa mgongo, anafuta kidole kwa majani. Imali akamkimbilia. Mtoto hana mwiko. Akamshika mguu wa suruali.

"Imali," akasema, akitazama barabara, "mwambie mama yako aliniandikia barua mbaya."

Nikasema, "Imali, mwambie guga ni kweli. Ilikuwa mbaya. Na ningeandika nyingine."

Alicheka, au alikohoa. Mgongo tu ndio ulitikisika.

"Imali, mwambie mama yako bado nimekasirika."

"Imali, mwambie guga na mimi pia."

Bado alikuwa amenipa mgongo. Halafu akasema wamechukua kidole chake kwa ajili ya karatasi yao, basi na yeye anataka karatasi. Anataka iandikwe mtoto atarudi lini. Mwezi na mwaka. Na Zakaria aweke kidole gumba chini yake. Sahihi hataki, sahihi ni mikwaruzo, mtu yeyote anaweza kukwaruza. "Kidole cha mtoto wangu nakijua. Kina kovu la mundu, limekikata katikati."

Nikasema ataipata.

Akamnyanyua Imali, akamweka chini mbele yangu, akarudi nyuma hatua mbili. Nikamchukua. Saa sita ilikuwa imekaribia. Alikimbia kulipata lori, mzee yule, koti likimpiga magotini.

Jumatano, 14 Mei

Ile karatasi nimeichoma kwenye pasi, pamoja na makaa.

Hasira haijaisha. Ya karani imepungua kwa ukubwa wa doa moja. Ya baba mkwe imegeuka kitu kingine, sina jina lake. Iliyobaki yote ni ya Zakaria. Baba yake, asiyejua kusoma, aliingia chumba ambacho hakupaswa kuingia. Yeye, mwenye vyeti vyake vyote, alishindwa kuandika ukurasa mmoja.

Nimemwandikia. Nimemweleza ng'ombe wa kijivu na mto. Nimemwuliza: yule kijana aliyebeba ndama ili mama yake afuate, yuko wapi?

Ijumaa, 30 Mei

Imefika. Kwa treni ya asubuhi, kutoka Nairobi, kwenye bahasha nene. Siku moja kabla ya mwisho. Nimekwenda posta mbio, nimepeleka simu ya maandishi kwa wenye meli, namba ya pasipoti na majina. Saa tisa jibu limekuja. Nafasi mbili ni zetu.

Ndani kuna ukurasa wa watoto. Jina lake lipo. Jina, tarehe ya kuzaliwa, jinsia ya kike. Mstari mmoja tu. Miezi mitatu kwa mstari mmoja. Nilikaa kwenye ngazi za posta nikamtukana karani, na mchungaji aliyechelewa kutubariki, na aliyevumbua fomu. Kwa sauti ya chini, Imali alikuwepo.

Barua ya Zakaria imekuja na posta hiyo hiyo. Ndefu. Anaomba radhi kurasa tatu. Nimesoma moja.

Jumapili, 8 Juni

Mvua imepumzika. Kule juu, vilima vya Dundori vimekuwa kijani kabisa. Nimemwosha Imali kwenye karai nje, akakauka na jua. Amelala sasa. Mama Petero amechukua kuku wangu wawili, na kinu. Dobi nimemuaga. Amenipa mkono na kusema kola ile ilikuwa ya zamani hata hivyo.

Kesho posta ya Ulaya inaondoka. Niandike hapa kwanza, nisisahau. Vitu ambavyo bado nahitaji Zakaria atume, vifike kabla ya Julai:

Barua ya mama mwenye nyumba, kwamba anakubali mtoto chumbani, na sahihi yake. Watauliza bandarini.

Barua ya chuo yenyewe, yenye muhuri. Si ile aliyonakili kwa mkono.

Jina la kituo cha treni tutakaposhuka, kwa herufi kubwa, kwenye kipande cha karatasi ngumu, nimwonyeshe mtu nikipotea.

Koti la Imali asilitume, alilete melini. Shingo mpaka goti ni shibiri mbili za mkono wangu na vidole vitatu. Uzi wa kipimo hicho nautia kwenye bahasha.

Radhi asitume tena. Hiyo atanipa uso kwa uso.

Karatasi ya baba yake. Mwezi wa kurudi, mwaka wa kurudi. Kidole gumba cha kushoto, wino mweusi, abonyeze taratibu, kovu lionekane.